Nguruwe pori wanafukua mihogo yangu karibu kila usiku. Nifanyeje?

"Shikamoo mtaalamu. Nalima ekari tatu za mihogo na viazi vitamu upande wa Buchosa, mkoani Mwanza, si mbali na Ziwa Victoria, na shamba limepakana na kichaka kikubwa kinachoteremka hadi majini. Zamani nguruwe pori walikuja mara mojamoja. Mwaka huu wanakuja karibu kila usiku na wameshafukua robo ya mihogo. Majirani wanasema ni nguruwe wa kufugwa waliotoroka wakazaliana na wa porini, kama wale wa Marekani tunaowaona kwenye video. Mmoja amenishauri nichanganye dawa ya wadudu kwenye pumba. Kijana mwingine anataka kunivutia waya wa umeme kutoka nyumbani uzunguke shamba. Tena nina nguruwe majike wawili bandani, mmoja ana mimba, na nasikia wa porini wanaleta homa. Kwa nini wameongezeka hivi? Na serikali inaweza kunilipa? Mihogo hiyo ndiyo ada ya watoto."

Marahaba, na pole sana. Umeuliza mengi kwa mpigo na nitajaribu kuyafikia yote, lakini mambo mawili hayasubiri, kwa hiyo naanza nayo.

Usitege sumu. Dawa ya wadudu kwenye pumba haijui nani nguruwe na nani mbuzi wa jirani. Kuku wataifikia asubuhi, mbwa ataifikia, na mtoto anayechezea ndoo anaweza kuifikia. Nguruwe aliyekula sumu mara nyingi hafii palepale. Anarudi kichakani, anafia huko, kisha fisi na tumbusi wanamla nao wanakufa. Na tusifichane: mzoga ukikutwa bado mbichi, haukosi mtu mwenye kisu. Mvua ikinyesha, kilichobaki kinateremka ziwani, mnakochota maji na kuanika dagaa. Sheria ya wanyamapori nayo imekataza kuua mnyama kwa sumu, kwa hiyo hata ukifanikiwa umejiingiza matatani.

Huo waya wa nyumbani nao ukatae leo hii, hata kama kijana ni fundi mzuri. Uzio wa umeme wa kitaalamu upo na nitauzungumzia, ila unatumia kifaa maalumu kinachotoa mshtuko mfupi mno, mpigo mmoja hivi kila sekunde, kisha unakata. Mnyama anashtuka, anaruka nyuma, anaishi. Umeme wa nyumbani wa volti 230 haukati. Ukikushika, misuli inakaza na mkono hauachii. Mtu wa kwanza kuugusa pengine hatakuwa nguruwe, atakuwa anayekatiza alfajiri kwenda kuchota maji, na kesi itakayofuata itakuwa ya kuua mtu.

Sasa tuje kwenye shamba lenyewe. Kabla ya kutumia hata shilingi, hakikisha mharibifu ni huyo unayemdhani, maana pembezoni mwa ziwa watuhumiwa ni wengi. Nenda asubuhi na mapema kabla watu hawajakanyaga. Nguruwe pori anaacha udongo umepinduliwa kwa upana, mashina yamelala ovyo, vipande vya mihogo vimetafunwa nusu na kutupwa. Kwenye tope utaona kwato mbili kubwa mbele na alama mbili ndogo nyuma yake, za vile vikwato vya juu. Pongo, yule swala wa vichakani, anaacha kwato mbili nyembamba zenye ncha. Nungunungu hapindui shamba. Anachimba shimo dogo pembeni ya shina, na kwenye muhogo uliobaki utaona mikwaruzo miwili miwili ya meno, safi kama ya patasi. Mara nyingi anadondosha mwiba mmoja au miwili akakuachia ushahidi. Kiboko ana unyayo wa vidole vinne wenye ukubwa wa sahani, anakata majani na kukanyaga kuliko kufukua, na njia yake inaelekea majini moja kwa moja. Ukiona matuta ya viazi yamesimama vizuri huku viazi vimeliwa kwa chini, huyo ni fuko. Ngedere na nyani wanaiba mchana na hawana aibu ya kuonekana.

Nasisitiza hili kwa sababu kinachomzuia nguruwe hakimzuii nungunungu, na kinachomzuia nungunungu kiboko anakikanyaga. Nimeona watu wakijenga uzio mzuri dhidi ya mnyama ambaye hakuwahi kuingia shambani mwao.

Tuseme umehakikisha na kweli ni nguruwe pori. Basi nianze na hadithi ya majirani. Si kweli kwamba nguruwe wenu wa kufugwa wamezaliana na wa porini. Nguruwe wa bandani, yule wa kitimoto, ametokana na nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia, ambaye wanasayansi wanamwita Sus scrofa. Hao wawili ni spishi moja, kwa hiyo wakikutana wanazaana bila shida. Huyu wa kichakani kwako ni ukoo mwingine kabisa, Potamochoerus larvatus, mwenyeji wa Afrika tangu enzi na enzi. Ametengana na wa bandani kiasi kwamba hata wakipandana usitarajie watoto. Tena usimchanganye na ngiri. Ngiri anatembea mchana, hupiga magoti anapokula nyasi, analala shimoni na akikimbia mkia unasimama wima. Nguruwe pori ana manyoya marefu mgongoni, masikio yenye vishungi nchani, analala kichakani, anatoka usiku, na akikimbia mkia unaning'inia.

Video za Marekani zina historia yake. Nguruwe hawakuwepo kule kabla ya wageni. Mwaka 1539 msafara wa Mhispania Hernando de Soto ulishusha nguruwe Florida, wengine wakatoroka, na karne za baadaye matajiri wakaleta nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya kuwinda. Damu zikachanganyika. Leo wanakadiriwa kuzidi milioni 6, katika majimbo yasiyopungua 35, na hasara yake inahesabiwa kwa mabilioni ya dola kila mwaka. Jike wa kule ana damu ya kufugwa ndani yake, anabeba mimba chini ya miezi minne na anaweza kuzaa watoto sita au zaidi kwa mkupuo mmoja, na chakula kikiwepo anarudia ndani ya mwaka uleule.

Huyu wetu hana kasi hiyo. Mimba yake ni ya miezi minne hivi, anazaa watoto watatu au wanne, wenye michirizi ya njano ubavuni, na kwa kawaida ni mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo unaponiambia kwamba zamani walikuja mara mojamoja na sasa ni kila usiku, sikatai kwamba wameongezeka kiasi. Lakini uharibifu ukiongezeka mara nne haina maana kwamba nguruwe wameongezeka mara nne. Kilichobadilika zaidi ni mahali wanapokaa na wanachokula.

Fikiria ardhi yenu ilivyokuwa miaka thelathini iliyopita. Vichaka vilikuwa vingi, mashamba yametawanyika. Vichaka vikafyekwa kwa ajili ya kilimo na mkaa, makundi yaliyokuwa yameenea eneo kubwa yakabanwa kwenye vipande vilivyobaki, na vipande hivyo sasa vimezungukwa na mihogo pande zote. Mnyama anayehitaji msitu mkubwa angetoweka. Nguruwe pori anahitaji vitu vitatu tu: kichaka cha kulala mchana, maji, na chakula cha kufikia usiku. Kwako anavipata vyote ndani ya hatua chache. Adui yake mkubwa, chui, ameondoka maeneo mengi ya vijiji, na aliyebaki wa kumsumbua ni mbwa na mtu.

Na mihogo yenyewe inamvuta. Mahindi yanakaa shambani miezi michache yakavunwa. Muhogo unaachwa ardhini mwaka, mwaka na nusu, hata zaidi, kwa sababu kwetu sisi ndiyo ghala. Nguruwe analijua ghala hilo vizuri kuliko tunavyodhani. Anaishi katika kundi dogo lenye dume, majike na watoto wao, na watoto wanajifunza njia kwa kufuata mama. Kundi likishapata shamba linalolika bila bughudha, linarudi hadi chakula kiishe, na mwaka ujao watoto wale wanaijua njia. Mashambulizi ya kila usiku unayoyaona ni tabia ya kundi lililojifunza. Pengine ni kundi moja tu.

Hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini kuua mmojammoja hakusaidii sana. Ujerumani, ambako wawindaji wana bunduki, vibali na magari, waliua nguruwe mwitu zaidi ya 800,000 katika msimu wa 2017/18 peke yake, na bado wanyama hao ni tatizo kule. Sababu ni hiyohiyo: mashamba ya mahindi kila mahali, baridi isiyo kali kama zamani, mbwamwitu wachache. Mazingira yakiendelea kulisha, nafasi ya aliyekufa inajazwa. Mmarekani naye amejifunza kwa gharama kwamba kumpiga risasi mmoja katika kundi kunawatawanya waliobaki, wanakuwa waoga na wajanja zaidi, kisha wanahamia shamba la pili.

Nigusie na upande wa mazingira, kwa sababu kila nikizungumza kijijini kuna anayependekeza kichaka chote kichomwe. Nguruwe pori hapa ni mwenyeji na ana kazi yake. Anapofukua anapindua udongo, anakula mabuu na konokono, anatawanya mbegu za baadhi ya matunda pori, naye ni riziki ya chui pale chui alipobaki. Kufukua kulekule, kukifanywa na mnyama mgeni kwenye nchi isiyomzoea, kunakuwa balaa. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba nguruwe wavamizi duniani, kwa kuchimbua udongo tu, wanaachia hewa ya ukaa takriban tani milioni 4.9 kwa mwaka, sawa na magari milioni 1.1. Huku kwetu hatuko huko, ingawa wakibanwa wengi kwenye kichaka kidogo utaona miche michanga haikui na mayai ya kanga na kwale hayaponi.

Na hicho kichaka kinachoteremka hadi majini usikiguse ovyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mimea hiyo ndiyo inayoshika udongo usiingie kwenye mazalia ya samaki. Ukiifyeka utapata kesi, utapata tope ziwani, na nguruwe watahamia kichaka cha mita mia mbili mbele. Wasukuma wametunza ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayotengwa yapumzike, vizazi na vizazi, na zile zilizofufuliwa Shinyanga kupitia mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 zilileta majani, kuni na dawa za miti. Nguruwe nao wanapenda kulala humo, sawa, lakini sijapata kuona mzee mwenye ngitili akaichoma kwa sababu hiyo.

Basi ufanye nini? Mahali pa kushughulikia ni mpaka kati ya kichaka na mihogo. Nguruwe pori hapendi kuvuka uwazi. Anatoka kichakani akisita, ananusa, anasikiliza, na akiona muhogo uko hatua mbili tu, anajirusha. Fyeka ukanda wa mita kumi hivi upande wa shamba lako, si upande wa ziwa, na uuweke safi muda wote. Katika ukanda huo au kando yake panda kitu kisichomvutia. Kwenu pamba inafaa, ufuta unafaa, pilipili inafaa kwa eneo dogo. Mihogo mitamu, viazi na karanga visogeze karibu na nyumba. Najua utasema ardhi yenyewe ndogo, na mita kumi ni mistari mingi ya mihogo. Ni kweli, ila mistari hiyo ndiyo wanayoila kwanza. Umeshaipoteza tayari, tofauti ni kwamba sasa inawafundisha njia.

Kuna wanaoshauri kupanda mihogo michungu upande wa kichaka. Inapunguza, haizuii, na ina bei yake. Mihogo michungu isipolowekwa na kukaushwa ipasavyo inabaki na sumu. Wilayani Tarime, mwaka 1985, wakati wa ukame na njaa, watu walifupisha hatua za kuiandaa na wengi wakapooza miguu, ugonjwa unaoitwa konzo. Kama kwenu hamna mazoea ya kuiloweka, usiianze kwa sababu ya nguruwe.

Jambo la pili ni muda. Punguza kuacha mihogo iliyokomaa ardhini. Vuna kwa awamu, kuanzia mstari wa kichakani kuja nyumbani, na ukaushe. Viazi fanyeni michembe (vya kukatwa na kukaushwa vibichi) na matobolwa (vya kuchemshwa kisha kukaushwa) mapema badala ya kuvichimba kimojakimoja kwa mboga. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru, pale Misungwi, kinashughulika na mihogo na viazi vitamu, na wana aina zinazokomaa mapema kuliko zile za zamani. Aina inayokomaa mapema ni miezi kadhaa ambayo nguruwe hana cha kufukua.

Jambo la tatu ni kulinda, na hapa nitasema lisilopendeza: katika yote niliyoyaona kwa mkulima asiye na mtaji, hakuna linaloshinda mtu macho, kwenye dungu, mwenye tochi kali na debe la kupiga. Lakini si wewe peke yako. Mtu anayekesha kila usiku anaugua malaria, analima amechoka, na watoto wakikesha wanasinzia darasani. Kaya sita zenye mashamba yanayopakana zikigawana usiku, kila moja inakesha mara moja kwa wiki, na usiku wa saba mnajadiliana. Huko kwenu sungusungu si kitu kigeni. Zamu ya mashamba inaweza kupangwa kwa utaratibu uleule. Mkeshe hasa pale mihogo na viazi vinapoanza kujaza na mahindi yanapokuwa mabichi. Walinzi wawe wawili, na chandarua kifungwe kwenye dungu.

Redio inayolia usiku kucha, sabuni iliyoning'inizwa, nywele kutoka saluni, nguo zenye jasho, matambara ya dizeli: vyote vinafanya kazi siku chache za mwanzo, halafu kundi linagundua kwamba hakuna kinachowauma. Vitumie kwa kubadilishabadilisha, kama nyongeza ya mlinzi, usivitegemee. Mizinga ya nyuki iliyosifiwa sana ni ya tembo, ambaye anaitikisa kamba akipita. Nguruwe anapita chini ya kamba bila kuigusa, tena usiku nyuki wakiwa wametulia. Ukipata asali, vizuri.

Uzio sasa. Nguruwe pori haruki, anainua. Anaingiza pua chini ya waya, anasukuma juu kwa shingo, na kilo zake sabini au themanini zinapita. Kwa hiyo senyenge za nyuzi tatu, zinazotosha kwa ng'ombe, kwake ni mlango. Wavu mgumu wa chuma unamzuia iwapo umefukiwa futi moja ardhini na nguzo zimekaribiana. Kuzungusha ekari tatu hivyo kutakugharimu zaidi ya mihogo ya misimu kadhaa, na chuma karibu na ziwa kinashika kutu upesi. Mimi nisingekushauri kuzungusha shamba zima. Zungushia kipande kidogo cha mbegu bora na viazi, basi. Uzio wa umeme wa sola, nyuzi mbili, wa chini usawa wa goti la mbuzi na wa juu usawa wa paja lako, unafanya kazi vizuri ukifungwa na anayejua na majani yakifyekwa yasiguse waya. Kwa mtu mmoja ni ghali, kwa kikundi chenye mashamba yaliyoungana inaanza kuingia akilini. Njia ya taratibu ni mkonge au minyaa, mistari miwili iliyobanana. Itachukua miaka mitatu au zaidi kuziba, ila miche mnaipata bure. Utomvu wa minyaa usiingie machoni.

Kuhusu mitego ya waya na kuwinda kwa mbwa, nakuomba uache. Kitanzi cha waya kinakamata pongo, mbwa na ndama kabla ya nguruwe, na kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Hata nyama ikikutwa jikoni bila kibali inahesabiwa nyara ya serikali, na kesi za nyara si za faini ya kuku. Tena dume aliyebanwa hakimbii. Meno yake ya chini yanajinoa kila anapofunga mdomo, na anapiga kwa kuinua kichwa, usawa wa paja la mtu, palipo na mshipa mkubwa wa damu. Mtu akijeruhiwa, bana jeraha kwa kitambaa safi damu isimame, mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo kwa sindano ya pepopunda, na mwelezeni daktari ni mnyama gani ili aamue kuhusu kichaa cha mbwa.

Nimeliacha banda lako hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu nadhani ndiko unakoweza kupoteza zaidi kuliko shambani. Homa ya nguruwe ya Afrika iliandikwa kwa mara ya kwanza Kenya, mwaka 1921. Virusi vyake vimeishi tangu kale kati ya ngiri na papasi wanaokaa kwenye mashimo yao, ndugu wa wale papasi wanaoleta homa kwa watu kwenye nyumba za udongo. Ngiri haugui. Nguruwe pori naye anaweza kuvibeba bila kuonyesha dalili. Nguruwe wa kufugwa akivipata anapanda homa, anakataa kula, masikio na tumbo vinageuka wekundu au zambarau, na wengi wanakufa ndani ya siku chache. Dawa hakuna, na chanjo ya kwenda kununua dukani hapa kwetu hakuna. Virusi hivyo vilifika Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018, vikaua nguruwe kwa mamilioni. Binadamu havimuathiri kiafya.

Lakini usidhani nguruwe pori lazima aruke ndani ya banda ndipo uambukizwe. Mara nyingi mtu ndiye anayeleta: makombo ya nyama kutoka hotelini au senta, viatu vilivyotoka kwenye banda lenye msiba, dume la kuazima, mnunuzi anayezunguka banda hadi banda. Kwa hiyo majike wako wasizurure kabisa. Banda liwe na ukuta au mbao zilizobanana, na nje yake uzio wa pili hata wa miti, ili pua zisigusane. Mihogo iliyotafunwa na nguruwe pori usiwaokotee uwape; najua inauma kuitupa. Makombo yachemshwe kwa nusu saa. Viatu vya bandani vibaki bandani. Huyo mwenye mimba usimpeleke popote, na usilete mwingine awe mwenzake mpaka amezaa na umetulia.

Ukipewa nyama ya nguruwe pori, hata iliyopatikana kwa kibali, ipikwe hadi ndani kabisa, isibaki na wekundu. Inaweza kuwa na minyoo ya trikinela ambayo moshi na kukausha haviwaui kwa uhakika. Na mifupa isiende bandani.

Kuhusu malipo nitakuwa mkweli. Kinachotolewa na serikali kinaitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kufariki, chini ya kanuni za mwaka 2011. Si fidia ya thamani ya mazao. Kanuni hizo hutazama aina ya mnyama, ukubwa wa eneo lililoharibiwa na umbali wake kutoka mpaka wa hifadhi, na zimelenga wanyama hatari kama tembo, kiboko, mamba na simba. Kwa nguruwe pori usipangie ada ya watoto juu ya fedha hiyo. Hata hivyo toa taarifa, kwa maandishi, kupitia ofisi ya kijiji kwenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri. Piga picha za nyayo ukiweka kalamu kando kuonyesha ukubwa, andika tarehe na eneo lililofukuliwa, na waombe majirani waandike za kwao. Barua ya mtu mmoja inasomwa. Daftari la kaya kumi la miezi mitatu linamtoa askari ofisini, na ndilo msingi wa kuomba udhibiti wa wanyama waharibifu kwa njia halali, kazi inayofanywa na watu wa serikali wenye silaha na kibali, si nyinyi.

Mwite afisa ugani aje aukague huo mpaka wa kichaka na wewe kabla hujafyeka, hasa akupimie zile mita 60. Na kwa afisa mifugo usisubiri miadi: nguruwe wako mmoja akikataa chakula na mwili ukawa wa moto, mpigie simu saa hiyohiyo, usichinje, usiuze, usimruhusu mtu kubeba nyama, na mzoga usiutupe kichakani wala ziwani. Atachukua sampuli ya damu iende maabara ya mifugo Mwanza, na mpaka majibu yarudi hakuna kitu kinachotoka wala kuingia bandani isipokuwa wewe na ndoo yako.